Blanketi Lililoning'inia

Mwanamke mmoja alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na alikuwa na mdomo. Cherehani aliachiwa na marehemu mumewe. Mdomo alizaliwa nao. Jina lake Subilaga. Alikaa juu mlimani, kule kwenye viazi na misonobari, ambako mwezi wa saba umande unaganda juu ya majani na mtu akitema mate anayasikia yakigonga chini.

Mwezi huohuo wa saba mtu wa ng'ambo ya korongo aliwasha moto kusafisha shamba lake. Aliwasha kidogo tu, kama wanavyosema wote. Upepo ukauchukua ule moto ukaupeleka kwenye misonobari, misonobari ikaupeleka kwenye nyumba za watu, na kufika jioni kitongoji kizima cha ng'ambo kilikuwa majivu. Watu walitoka wazima. Walitoka na watoto, walitoka na mbuzi na kuku, na mmoja alitoka na mlango. Akaulizwa mlango wa nini, akasema ndio uliokuwa karibu. Vingine vyote viliungua. Magodoro, nguo, mablanketi, mpaka viazi vya mbegu. Serikali ikawapa mahindi. Wenye kiwanda cha mbao wakawapa mabanzi, yale maganda yanayobaki gogo likishapasuliwa, wakajijengea vibanda. Banzi ni zuri kwa kuni. Ukilifanya ukuta, kila banzi na mwenzake wameachana kidogo, na upepo unaijua hiyo njia.

Wanawake wa upande wa Subilaga wakakutana, wakasema wale watu baridi itawamaliza. Hela ya kununua mablanketi hawakuwa nayo, lakini matambara walikuwa nayo. Wakakubaliana washone mablanketi ya viraka: juu unaunganisha vipande vya vitenge vilivyochakaa, katikati unapanga sweta za mtumba zilizotoboka, chini unaweka shuka, halafu unapitisha sindano kubwa kutoka juu mpaka chini ili vitu visitembee ndani. Ni kazi ya vidole na magoti. Wakakubaliana pia kwamba kila mwanamke atashona la kwake, na la kwake atalipeleka mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye nyumba moja. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ila siku ile lilionekana wazo zuri sana, wakalipigia makofi.

Walishonea kibarazani kwa Subilaga kwa ajili ya ile cherehani, na mdomo wakaupata bure. Subilaga alipita nyuma ya kila mtu akikagua mishono.

"Mama Gwamaka, hapa umeshona au umefunga mbuzi?"

"Si wanajifunika gizani, nani ataona?"

"Mungu anaona."

"Mungu ana blanketi lake."

Wanawake wakacheka mpaka sindano zikawapotea. Subilaga hakucheka. Alikaa chini akaufumua mshono wa mama Gwamaka wote, akaanza upya, na mama Gwamaka akamwachia, akaenda kuchemsha chai. Hivyo ndivyo alivyokuwa Subilaga. Alikuwa na huruma, msije mkasema hakuwa nayo. Ila huruma yake ilikuwa inatembea na rula.

La kwake alilishona mwisho. Katikati alikata kitambaa cheupe cha meza, kilichodariziwa maua, alichokuwa amekifungia sandukuni tangu aolewe. Hakuwahi kukitandika hata mara moja. Alikuwa anamsubiri mgeni anayestahili, na mgeni huyo hakuja. Sasa akakitoa. Akakizungushia vitenge vya rangi, akapiga mishono midogo kama punje za ulezi, na lilipokwisha, wenzake waliweka chini sindano zao wakalisogelea. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye nyumba zao.

"Lakini Subilaga," mama Gwamaka akasema, "watu wametoka kwenye majivu, wanapikia humohumo wanamolala, na wewe unawapelekea kitu cheupe?"

"Wameunguliwa nyumba, hawajaunguliwa macho. Na wao waone kitu kizuri."

"Kizuri kwao au kizuri kwako?"

Subilaga akakanyaga cherehani. Hakukuwa na kitu chini ya sindano, lakini cherehani ikipiga kelele mtu hasikii swali.

Siku ya kupeleka ikafika, wakavuka korongo na mizigo yao kichwani. Subilaga alipangiwa kibanda cha mzee Ambakisye. Humo alikaa mzee, mkewe Bupe, mkamwana wao Tumpale, na mtoto wa Tumpale, Ipyana, ambaye alizaliwa nyumba ikiwa bado ina paa. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda mbali kupasua mbao za watu, apate cha kuanzia upya. Kibanda kilikuwa chumba kimoja. Na kwa kuwa kwao mkamwana na baba mkwe hawatazamani, walikuwa wamechukua magunia ambayo wangeweza kujifunika, wakayashona, wakayafanya pazia katikati ya chumba. Upande huu mzee, upande ule mkamwana, na baridi pande zote mbili. Walikuwa watu wa adabu sana. Mnaocheka, ngojeni kwanza.

Subilaga akalikunjua blanketi mbele yao. Kibanda kikawaka weupe. Bupe akapiga magoti, akalipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka. Kama Subilaga angeondoka hapo hapo, mfano huu usingekuwepo. Lakini alikuwa na ule mdomo.

"Hili si la dukani," akasema. "Nimelitolea macho yangu. Mlishike kwa adabu. Halijui moshi, halijui tope, halijui kuku. Nitapita kuliona."

Akasema hivyo kwa roho nyeupe kabisa, akarudi kwake anatembea kama mtu aliyepungua kilo.

Bupe alibaki amelishika. Akatafuta pa kuliweka. Chini kulikuwa tope. Kwenye kitanda cha fito kulikuwa moshi. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Mwisho akalikunja, akalitia kwenye mfuko mkubwa wa nailoni, akalifunga kamba, akalitundika kwenye boriti. Likaning'inia pale juu, jeupe, nono, linawatazama.

Majirani wakaja kulitazama. Bupe alikuwa analishusha, analifungua kidogo pembeni, watu wanagusa ua moja la kudarizi kwa ncha ya kidole, wanasema jamani, kuna watu wana mikono, halafu linapandishwa tena. Nyumba ya tatu kutoka pale walipewa lile la mama Gwamaka, lenye mishono ya kufungia mbuzi, maana mingine Subilaga hakuwahi kuifumua. Hilo kesho yake lilikuwa limeshatobolewa na cheche, na kesho kutwa lilibebewa viazi. Hakuna aliyekwenda kulitazama. Wenyewe walikuwa wamelala.

Kwa mzee Ambakisye hawakulala vizuri. Mtoto alianza kukohoa. Kikohozi cha kwanza kidogo, cha mtoto, kinachekesha. Halafu kikashuka kifuani kikaacha kuchekesha. Tumpale alimfunga kifuani kwake kwa kanga, juu ya kanga akaweka gunia, na upepo wa mabanzi ukapita katikati ya vyote viwili. Akampeleka zahanati. Mganga pale akamsikiliza mtoto mgongoni, akatoa dawa ya maji, akasema, "Mama, dawa mpe, lakini huyu anataka joto. Bila joto utanirudia, na sitaki unirudie akiwa hivi."

Tumpale akarudi na maneno hayo. Akasimama chini ya boriti, akatazama juu.

"Mama, si tulishushe tu hilo?"

Bupe akatazama juu na yeye. "Ngoja kwanza mwenyewe apite alione."

"Na asipopita?"

Nyuma ya pazia la magunia mzee Ambakisye akakohoa, kikohozi chake cha kusema neno. "Hilo la watu," akasema. Ikawa imekwisha.

Wakaongeza kuni. Moto ukaongeza moshi, moshi ukaongeza kikohozi. Wakapunguza kuni, baridi ikarudi. Wakawa watu wa kuongeza na kupunguza. Na kila asubuhi Bupe alikuwa anasimama mlangoni anatazama njia ya korongo, anamsubiri Subilaga kama mtu anayesubiri kutolewa kifungoni. Kumtumia salamu aje upesi aliona aibu. Mtu amekupa kitu kama kile, halafu umwambie fanya haraka?

Subilaga naye hakuwa na haraka. Viazi vyake vilikuwa vinavunwa. Lakini hata akivuna alikuwa analiona lile blanketi limetandikwa kwenye kitanda cha watu, na watu wanaingia kusema hili kalishona nani. Viazi vilipokwisha, akajifunga kitenge kizuri, akavuka korongo.

Walimpokea kama askofu. Bupe alipiga kigelegele mpaka kuku wakatoka wenyewe. Jogoo mmoja hakurudi. Wakamla na ugali wa yale mahindi ya serikali. Blanketi likashushwa mbele yake, likafunguliwa, likakunjuliwa. Jeupe vilevile. Halina hata mkunjo wa mtu. Subilaga akapitisha kiganja juu yake, akaona mishono yake imekaa kama alivyoiacha, akafurahi kwa kweli.

"Mnaliweza," akasema. "Wengine ningewapa lingekuwa limeshakuwa dekio."

Wote wakatabasamu. Mtoto akakohoa, na Subilaga akauliza huyu ana nini, Bupe akajibu ni vumbi tu, dada, watoto ndivyo walivyo. Wakati huo ukungu ulikuwa umepanda kutoka korongoni, ule mzito ambao mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Njia ikafungika. Mzee Ambakisye akasema mgeni hatoki, na mgeni hakubisha.

Basi wakamtandikia kitanda cha fito, kile kimoja kilichokuwepo, na juu yake wakamfunika na nini? Na lile blanketi. Bupe alimfunika mwenyewe, akamchomeka pembeni kama mtoto. Subilaga alikuwa amechoka na kilima. Akalala. Alilala vizuri mno. Zile sweta za katikati zilifanya kazi yake, zile shuka za chini zilifanya kazi yake, na kama blanketi lingeweza kupewa cheti lingepewa asubuhi ile.

Aliamka kukiwa kumepambazuka. Ukungu ulikuwa umeingia ndani kupitia kwenye mabanzi, umekaa chumbani kama mtu wa nyumbani. Akageuza shingo. Pazia la magunia lilikuwa limesogezwa kando, akaiona familia nzima imeuzunguka moto uliokuwa umebaki makaa. Mzee Ambakisye amekaa amewapa mgongo, kwa ajili ya heshima ya mkamwana, anaota moto kwa kisogo. Bupe amejikunja mpaka amekuwa kifurushi. Tumpale amekaa wima na mtoto ndani ya kanga, ndani ya gunia, na midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ambayo midomo ya mtoto haitakiwi kuwa nayo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga kelele, wasije wakamwamsha mgeni.

Subilaga akainuka akakaa.

"Nyie mmejifunika nini?"

Tumpale akamvuta mtoto karibu zaidi na kifua.

"Dada Bupe, nakuuliza. Siku zote hizi mnajifunika nini?"

"Tumezoea, dada."

"Na huyu mtoto amezoea?"

Bupe akatazama chini. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwa adabu yote aliyokuwa nayo:

"Mtoto anakojoa, dada. Ungekuja ukaliona, tungekujibu nini?"

Mguu wa Subilaga ukainuka wenyewe. Na cherehani haikuwepo ya kukanyaga. Akakaa kwenye kile kitanda, joto bado liko mwilini mwake, akaanza kuelewa ni joto la nani. Alikuwa ametoa blanketi kwa mikono miwili, akalichukua tena kwa mdomo mmoja, na wenyewe wakabaki walinzi wake. Wamemlindia vizuri. Ndio hivi wamekaribia kumlindia mpaka kaburini kwa mtoto.

Akasimama. Akamwendea Tumpale, akamtoa mtoto kwenye gunia, akamtoa kwenye kanga, akamvua na kale kanepi ka kitambaa kalikokuwa kameloa. Mtoto akiwa kama alivyozaliwa, Subilaga akambeba mpaka kitandani, akamlaza katikati kabisa ya kile kitambaa cheupe, juu ya maua ya kudarizi, akamkunjia pande zote.

"Dada," Bupe akasema, "huyo atakojoa sasa hivi."

"Ndicho ninachosubiri."

Wakasubiri. Bibi Bupe amesimama na mkono mdomoni, Tumpale amepiga magoti kando ya kitanda, mzee Ambakisye amewapa mgongo lakini masikio yote yamegeukia huku. Mtoto akamtazama Subilaga. Subilaga akamtazama mtoto. Hakukojoa.

"Siku nyingine zote hukojoa," Tumpale akasema, kama anayeomba radhi.

"Kuna nini huko?" akauliza mzee kutoka upande wake.

"Bado, baba."

"Mpeni maji."

"Nyamaza, mzee," Bupe akasema, na tangu waoane hakuwa amewahi kumwambia hivyo, na Tumpale akaanza kucheka, ile ya kubana pua, na Bupe akaipata kutoka kwake, na hata ule mgongo wa mzee ukawa unatikisika. Walikuwa hawajacheka tangu moto. Joto likamwingia mtoto polepole. Midomo ikaanza kurudi rangi yake. Macho yakamlegea. Akalala usingizi, na ndani ya usingizi huo, kama mtu mwenye heshima zake anayesubiri wageni wamalize kelele, akakojoa.

Subilaga aliliona doa likianza. Lilitoka chini ya mtoto likaingia kwenye ua la kwanza, likaenda la pili, rangi ya chai ya rangi, kwenye kitambaa alichokitunza maisha yake yote. Mkono ulimuwasha kulivuta blanketi. Akauweka mkono kwapani, akaubana hapo.

"Haya," akasema. "Mimi kuliona sitakuja tena. Mkiniona hapa, nimeleta viazi."

Bupe ndipo alipokaa. Akakaa kitandani, juu ya blanketi, na tope la miguu yake na kila kitu. Halafu akaiingiza miguu ndani. Halafu akamvuta Tumpale naye akaingia upande wa pili, na mtoto katikati. Mzee akabaki na moto wake, lakini Subilaga alipokuwa anatoka alilishusha lile pazia la magunia akamtupia mabegani, akasema pazia la leo ni mgongo wako, baba, unatosha.

Kifua cha mtoto kilifunguka. Alikuwa mkaidi, alipona. Blanketi lilifuliwa, likakojolewa, likafuliwa tena. Cheche ikalitoboa. Kuku akatagia pembeni. Baba wa mtoto aliporudi na hela yake ya mbao alilikuta limekuwa na rangi ya panya, akauliza hili tambara mmelitoa wapi, likiwa na joto namna hii. Wakamwambia. Hakuamini kwamba liliwahi kuwa jeupe.

Na Subilaga aliporudi kibarazani kwake siku ile, mama Gwamaka alikuwa anamsubiri.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Likoje?"

"Limeharibika."

"Pole."

"Pole ya nini? Leta chai."

Mfano wenyewe ndio huo. Nani ni nani, sitawatafunia, meno mnayo. Ila nyie mnaopenda kusimama na kusema fulani nilimsomesha mimi, fulani nilimsamehe mimi, fulani alikula kwangu wakati hana kitu, nawauliza moja tu kabla hamjaenda kupika: hicho mlichotoa, kimeshakojolewa, au mpaka leo kinaning'inia kwenye boriti ya watu?